Panya wa Mkia Mfupi na Siri ya Figo

Mwaka 1940 jarida moja la elimu ya urithi nchini Marekani lilitoa habari za panya wenye mikia mifupi. Walioziandika habari hizo walikuwa watatu: L. C. Dunn, Salome Gluecksohn-Schoenheimer na Vernon Bryson. Panya wenyewe wamejulikana tangu hapo kwa jina la C. H. Danforth, mtaalamu wa maungo wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa kuwa badiliko lile la urithi lilizuka katika panya aliowafuga yeye. Kutoka kwake walifika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako Dunn alikuwa na shauku kubwa ya panya wowote wenye hitilafu ya mkia.

Mkia mfupi si msiba kwa panya. Aweza kula, kukimbia na kuzaa kama wenzake, na mtu asiye na udadisi angaliandika maneno mawili katika daftari lake kisha akaenda zake. Lakini panya hawa walipopasuliwa, mkia ulionekana kuwa dalili ya nje tu ya jambo lililofichika ndani. Waliolirithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja aghalabu walikuwa na figo ndogo kuliko kawaida; wengine walikuwa na figo moja, na wengine hawakuwa nayo hata moja. Waliolirithi kwa wazazi wote wawili walizaliwa hai, hawana mkia kabisa, na hawakuimaliza siku yao ya kwanza. Ndani yao aghalabu hapakuwa na figo wala mirija ya kuchukua mkojo, na njia ya haja kubwa ilikuwa imezibika.

Lugha ya Kiswahili humwita panya mnyama mdogo wa darini na yule mkubwa wa ghalani pia, ila yule mkubwa mno huitwa buku. Wanaosemwa hapa ni wale wadogo, ambao mmoja wao huenea katika kiganja cha mtoto. Mimba yao huchukua siku 19 au 20, na mama mmoja huzaa watoto wengi kwa mara moja. Kwa mtaalamu wa urithi sifa hizo zina thamani kuliko dhahabu, kwa maana vizazi ambavyo kwa wanadamu vingemaliza karne, kwa panya hupita katika miaka michache mbele ya macho ya mtazamaji mmoja.

Panya wa Danforth hawakuwa wa kwanza wa namna yao. Mnamo mwaka 1923 C. C. Little na Halsey Bagg walitangaza habari za ukoo wa panya ambao babu zao walipigwa mionzi ya eksirei. Katika wajukuu na vitukuu vyao kulitokea watoto wenye macho yaliyofumbika au kuharibika, miguu iliyopinda na vidole vilivyogandana, na katika baadhi yao figo moja au zote mbili zilikosekana. Jambo hilo lilishtua watu. Eksirei ilikuwa ikitumika kwa wingi katika hospitali, na hapa palionekana kana kwamba mionzi imetia ila ndani ya ukoo mzima. Baadaye ilitiliwa shaka kama mionzi ile ndiyo iliyoleta kasoro, au kama kasoro ilikuwamo ndani ya ukoo tangu zamani ikingoja ndugu waoane na ndugu ili ijidhihirishe. Hata hivyo ukoo huo ulitunzwa, na mwaka 1934 Kristine Bonnevie wa Norway, mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika nchi yake, aliandika uchunguzi mrefu wa viinitete vyake. Aliona malengelenge ya maji chini ya ngozi ya kiinitete, akayafuata jinsi yalivyojitokeza, akafikiri kwamba maji hayo yatoka katika ubongo, kisha husafiri chini ya ngozi na kuharibu kila mahali yanapotua. Fikira ile ilikuwa nzuri kwa mpangilio wake, na ilikosea. Lakini macho yake hayakukosea. Malengelenge yalikuwapo kweli, na yalikuwa mahali pale pale alipoyachora.

Kabla ya kuendelea na panya wa New York, hapana budi kueleza jinsi figo inavyofanyika, kwa maana kisa chote chategemea hapo.

Figo haiumbwi kwa kukua tu, kama boga linavyokua juu ya mtambaa wake. Yatokana na mazungumzo ya tishu mbili. Ndani ya kiinitete mna mfereji mmoja kila upande, uendao nyuma mpaka sehemu ya mwisho ya utumbo. Katika mfereji huo, karibu na mwisho wake, huchomoza chipukizi. Kwa panya jambo hilo hutokea karibu siku ya 11 ya mimba. Kwa mwanadamu ni katika juma la tano, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kuwa wana mimba. Kando ya mfereji lipo fungu la seli laini zisizo na umbo maalumu. Chipukizi hulielekea fungu hilo, likaingia ndani yake, likaanza kugawanyika matawi mawili mawili kama matawi ya mkoma. Kila ncha ya tawi huziamsha seli zilizo karibu nayo, nazo hujikusanya na kugeuka vijirija vya kuchujia damu. Kwa mwanadamu vichujio hivyo hufika yapata milioni moja katika kila figo. Chipukizi lenyewe hugeuka kuwa mrija wa kupeleka mkojo katika kibofu. Basi chipukizi lisipotoka, figo haipo. Likitoka likachelewa, figo huwa ndogo. Likitoka mahali pasipo pake, au yakitoka mawili badala ya moja, mrija huweza kuingia kibofuni kwa mkao mbaya, mkojo ukarudi juu au ukazuilika, na mtoto akaishi na figo inayooza polepole pasipo mtu kujua. Mackie na Stephens walilionyesha jambo hili mwaka 1975 kwa kuchunguza figo za watoto zenye mirija miwili: kadiri tundu la mrija lilivyokuwa mbali na mahali pake pa haki, ndivyo figo iliyo juu yake ilivyokuwa na ubovu.

Salome Gluecksohn alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Danzig, akasoma Königsberg na Berlin, kisha akaenda Freiburg kwa Hans Spemann. Wakati ule hapakuwa na jina kubwa kuliko la Spemann katika elimu ya viinitete. Mwaka 1924 yeye na mwanafunzi wake Hilde Mangold walitangaza kwamba kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, kikikatwa na kupandikizwa ubavuni mwa kiinitete kingine, huziamrisha seli za mwenyeji zijenge kiwiliwili cha pili. Kwa kazi hiyo Spemann alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alikuwa amekwisha kufa kwa kuungua moto mwaka ule ule wa 1924, wala hakuliona hata karatasi lake likienea. Salome hakupewa kazi ya namna hiyo. Alipewa kueleza jinsi miguu ya salamanda wa majini inavyoota, kazi ya kutazama na kuandika kuliko ya kujaribu. Aliimaliza, akapata shahada ya udaktari mwaka 1932, na mwaka huo huo akaolewa na Rudolf Schoenheimer, mtaalamu wa kemia ya viumbe.

Wote wawili walikuwa Wayahudi. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa serikali, sheria ziliwafukuza Wayahudi katika vyuo na ofisi za dola, na mume na mke wakavuka bahari kwenda New York. Schoenheimer alipata mahali katika Columbia, akafanya kazi mashuhuri ya kufuata njia ya chakula mwilini kwa kutumia isotopu. Mkewe hakupata kitu kwa muda. Dunn, ambaye alikuwa mmoja wa waliojitahidi kuwasaidia wataalamu waliokimbia Ujerumani, alimkaribisha katika maabara yake mwaka 1936, mwanzoni bila mshahara. Alikaa hapo miaka 17 akiwa msaidizi wa utafiti, bila kupewa kiti cha mwalimu.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa haki, kwa maana ni rahisi kulifanya hadithi ya huruma na kuusahau ubora wake. Dunn alikuwa na panya, na alijua hesabu ya urithi: nani kamzaa nani, na wangapi katika kila kizazi watakuwa na kasoro. Asilokuwa nalo ni mtu aliyefundishwa kusoma kiinitete siku kwa siku, kipande kwa kipande, chini ya hadubini. Salome aliyaleta maarifa hayo kutoka Freiburg. Na aliona jambo ambalo Spemann mwenyewe hakulijali sana, kwamba badiliko la urithi ni kama kisu. Spemann alikata kwa sindano ya kioo, akaharibu mahali fulani, akatazama matokeo. Kwa panya mkono wa mwanadamu haukuweza kuingia tumboni mwa mama na kukata. Lakini badiliko la urithi hukata ndani kabisa, mahali pale pale, kila mara, kwa kila mtoto aliyelirithi. Kazi ya mtaalamu ni kurudi nyuma, siku moja kabla ya nyingine, mpaka aone kisu kiligusa wapi mara ya kwanza.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa panya wa mkia mfupi. Aliwafuga, akahesabu siku tangu mama aliposhika mimba, akawatoa watoto tumboni katika umri mbalimbali, akawakata vipande vyembamba na kuvitia rangi. Maarifa hayo yalilipiwa kwa roho za mama na watoto, jambo ambalo maandiko ya elimu hulitaja kwa maneno makavu au hulipita kimya. Mwaka 1943 alichapa matokeo yake. Uti wa kiinitete, ile kamba laini inayotangulia mifupa ya mgongo, ulikuwa ukivunjika na kuharibika mapema. Kwa hiyo mkia haukukamilika. Chini zaidi, chipukizi la mrija wa mkojo lilikuwa fupi. Pengine lilitoka lakini halikulifikia fungu la seli, na pengine lililigusa bila kugawanyika inavyopasa. Fungu lenyewe lilikuwapo. Lilingoja mgeni ambaye hakufika, kisha likanyauka.

Mwaka ule wa 1943 aliolewa tena, kwa kuwa Schoenheimer alijiua mwaka 1941. Mumewe wa pili, Heinrich Waelsch, naye alikuwa mtaalamu wa kemia, na tangu hapo jina lililoandikwa katika makala zake likawa Gluecksohn-Waelsch.

Watu wa panya walipokuwa wakizisoma habari hizi, katika Chicago Edith Potter alikuwa akipasua maiti za watoto wachanga. Alikuwa mtaalamu wa maradhi katika hospitali ya wazazi, na mwaka 1946 alieleza habari za watoto 20 waliozaliwa bila figo zote mbili. Walifanana nyuso kana kwamba ni ndugu: macho yenye mkunjo mzito chini yake, pua bapa, kidevu kilichorudi nyuma, masikio yaliyokaa chini. Mapafu yao yalikuwa madogo mno. Sababu yake yajulikana leo vema. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni, katika nusu ya pili ya mimba, kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Mtoto asiye na figo hana maji hayo. Kuta za tumbo la uzazi humkandamiza uso na kifua, na mapafu yasiyo na nafasi hayakui. Akizaliwa hupigania pumzi kwa saa chache. Mama aliyembeba miezi tisa huambiwa jambo ambalo hakuna neno la kulipunguza uzito.

Potter na Salome hawakufanya kazi pamoja, na panya wa mkia mfupi hakuwa picha kamili ya mtoto wa Chicago. Mtoto yule hakuwa na uti uliovunjika. Walakini swali likawa moja. Je, mtoto huyu alikosa chipukizi, au alikosa fungu la seli, au vyote viwili vilikuwapo vikakosa kusikilizana? Maiti haiwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa mambo yalikwisha katika juma la tano. Ndipo panya alipopata kazi yake ya kweli: kuonyesha saa ile ambayo kwa mwanadamu haionekani.

Katika miaka ya 1950 Clifford Grobstein alitoa mazungumzo ya figo nje ya mwili kabisa. Alitenga chipukizi na fungu la seli kutoka katika kiinitete cha panya, akavikuza katika chombo cha kioo. Peke yake fungu halikufanya kitu. Likiwekwa pamoja na chipukizi, lilijenga vijirija. Zaidi ya hayo, aliweka kitambaa chembamba cha kuchujia kati ya fungu la seli na kipande cha uti wa mgongo, na hata hivyo vijirija vilifanyika. Amri ilipita katika vitundu vya kitambaa. Mwaka 1963 Gluecksohn-Waelsch pamoja na mwenzake Rota walitumia njia hiyo kwa panya wa mkia mfupi, na tishu ya kiinitete kilichohukumiwa kukosa figo ilijenga vijirija ndani ya chombo. Basi tishu hiyo haikuwa mbovu kwa asili yake. Ilikuwa na uwezo wote wa kuwa figo, ikakosa nafasi. Wakati huo Salome alikuwa profesa katika Chuo cha Utabibu cha Albert Einstein, alikokwenda mwaka 1955, na mwaka huo wa 1963 aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya urithi.

Hapa kisa kingeweza kukwama, na kwa kiasi fulani kilikwama. Panya hawa wote, wa Little na Bagg na wa Danforth, walikuwa zawadi ya bahati. Mtaalamu aliwapokea kama walivyokuja, hakuwachagulia kasoro. Alijua kwamba jeni fulani imebadilika, wala hakujua ni jeni gani wala yafanya kazi gani. Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman wa Cambridge, na Gail Martin huko California, walifaulu kukuza katika vyombo seli za kiinitete cha panya ambazo bado zaweza kugeuka kiungo chochote. Kufikia mwisho wa muongo ule kazi za Mario Capecchi na Oliver Smithies zilikuwa zimefundisha jinsi ya kuichagua jeni moja katika seli kama hizo na kuiharibu kwa makusudi, kisha kuzirudisha seli katika kiinitete na kuzalisha panya mwenye upungufu huo tu. Capecchi, Evans na Smithies walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Mambo yakapinduka: zamani panya alitangulia na jeni ikatafutwa, sasa jeni ilitangulia na panya akaundwa.

Mwaka 1994 kundi la Frank Costantini wa Columbia, chuo kile kile, na Vassilis Pachnis wa London, lilitangaza panya asiye na jeni iitwayo Ret. Jeni hiyo ilijulikana kwanza kwa habari za saratani, wala haikutazamiwa kuwa na neno kubwa na figo. Panya wale walizaliwa, na wakafa karibu siku hiyo hiyo. Hawakuwa na figo, au walikuwa na vigofu tu vya figo, na utumbo wao ulikosa mishipa ya fahamu. Miaka miwili baadaye makundi matatu yalichapa kwa pamoja habari za panya asiye na Gdnf, protini iliyogunduliwa mwaka 1993 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya seli za ubongo. Panya hao pia hawakuwa na figo. Ikadhihirika kwamba fungu la seli hutoa Gdnf kama mtu anayeita, na chipukizi hubeba Ret kama sikio. Jambo ambalo Salome aliliona mwaka 1943, la chipukizi lisilofika, lilipata maneno yake.

Wako walioharakisha kusema kwamba sasa ugonjwa wa mtoto umejulikana. Haraka hiyo haikuwa na msingi. Mwaka ule ule wa 1994 ilionekana kwamba wanadamu wenye kasoro katika nakala moja ya RET hupatwa na ugonjwa wa Hirschsprung, ambao sehemu ya utumbo hukosa mishipa ya fahamu na mtoto hawezi kutoa choo. Na wengi wao figo zao ni nzima. Panya mwenye nakala moja iliyoharibika, kinyume chake, huwa mzima wa afya. Jeni ni moja, kazi yake ni moja, na kipimo kinachotosha kwa panya hakimtoshi mwanadamu. Mtu anayemwita panya kioo cha mwanadamu hapa hana budi kukumbuka kwamba kioo hicho kina mikunjo.

Mahali pengine kioo kilikuwa safi kiasi cha kushangaza. Mwaka 1995 jamaa mmoja ya wanadamu, iliyorithi figo ndogo pamoja na kasoro nyuma ya jicho, iligunduliwa kuwa na ila katika jeni ya PAX2. Mwaka 1996 huko Ujerumani walitangaza panya aliyezuka bila kuundwa na mtu, mwenye figo ndogo na kasoro ya jicho. Na ila yake katika jeni hiyo ilikuwa ile ile, herufi moja iliyoongezeka mahali pale pale. Na mwaka 1999 panya walioundwa bila kipokezi kimoja cha homoni ya angiotensini walileta somo jingine. Baadhi yao tu walikuwa na kasoro, na kasoro zenyewe hazikufanana: huyu mrija umezibika, yule mkojo warudi nyuma, mwingine figo haikuumbika vizuri, ijapokuwa urithi wao ulikuwa mmoja. Madaktari wa watoto walilitambua jambo hilo mara moja. Katika nyumba moja baba aweza kuwa na figo moja maisha yake yote bila kujua, na mwanawe akazaliwa na mrija ulioziba. Kasoro za namna hii, zote pamoja, ni sababu kuu ya figo za watoto kufa.

Ukoo wa Little na Bagg ulingoja miaka zaidi ya 80. Mwaka 1962 daktari George Fraser alikuwa ameeleza habari za watoto wenye kope zilizofungamana, vidole vilivyogandana, na mara nyingi bila figo. Mwaka 2003 jeni ya FRAS1 iligunduliwa katika baadhi ya jamaa zao, na mwaka 2005 ya pili, FREM2. Na hiyo ya pili ndiyo iliyoharibika katika panya wa mwaka 1923. Protini za jeni hizo hugundisha ngozi ya juu na tishu iliyo chini yake. Zikikosekana, tabaka hizo huachana, na maji hujaa katikati. Hayo ndiyo malengelenge ya Bonnevie. Hayakutoka ubongoni.

Panya wa Danforth alingoja zaidi. Kwa kuwa waliorithi kwa pande zote mbili hufa, ukoo wake ulipaswa kutunzwa kwa kuoza wenye mkia mfupi, kizazi baada ya kizazi, na mikono ya watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Salome Gluecksohn-Waelsch alipata Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1993, akafa New York mwezi wa Novemba 2007, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 100. Jibu lilikuja mwaka 2013, kutoka makundi matatu kwa wakati mmoja, mojawapo la Michigan, mojawapo la Kumamoto nchini Japani, na la tatu la Columbia.

Kwa muda wote huo wengi walidhani kwamba wanatafuta jeni iliyovunjika. Haikuwapo. Kipande cha urithi cha aina ile inayohama kutoka mahali hadi mahali kilijipachika karibu na jeni iitwayo Ptf1a. Jeni hiyo ni nzima kabisa. Kazi yake ya haki ni kujenga kongosho na sehemu fulani za mfumo wa fahamu, wala haina shughuli na mkia au figo. Lakini kwa ajili ya kipande kile kilichojipachika iliamka mahali pasipo pake, katika uti wa kiinitete na katika utumbo wa nyuma, na ikaharibu kazi ya wengine. Watafiti wa Kumamoto walilithibitisha jambo hilo kwa kuwaunda panya wengine ambao Ptf1a iliwekwa iseme mahali hapo hapo, nao wakapata mgongo ulioharibika, njia ya haja iliyoziba, na figo zilizokosekana. Panya aliyezuka bila kutafutwa katika kundi la Danforth alikuwa sasa ameundwa kwa mkono. Namna hasa jeni ya kongosho, ikisema katika utumbo wa nyuma, inavyolizuia chipukizi lisilifikie fungu la seli, hilo makundi yale matatu hayakulimaliza.